Bi Avis Achagua Ekzosi

Bi Avis Clewley aliendesha mabasi ya mji wa Coventry kwa miaka ishirini na sita. Kazi hiyo ilimwachia mabega mapana, macho ya kuona pande zote kwa mara moja, na mazoea ya kutosema neno gari likiwa linakwenda. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na kibao kilichowakataza abiria kuzungumza na dereva. Madereva wenzake walikiona kuwa pambo tu. Yeye alikishika kama amri, na baada ya muda akakipenda.

Alipoajiriwa, wanawake waliokuwa wakishika usukani karakana nzima hawakufika watatu. Siku yake ya kwanza bwana mmoja mwenye masharubu alimwambia mbele ya watu, "Bibie, hiki si kigari cha kusukumia mtoto. Basi likigoma kugeuka utamlilia nani?" Avis akapanda, akalirudisha nyuma basi la ghorofa mbili mpaka kwenye pembe ya ukuta, akabakiza upenyo wa kupita paka, akazima injini, akashuka, akaenda kunywa chai. Hata alipostaafu, yule bwana alikuwa bado anasimulia habari ile kana kwamba aliitenda yeye.

Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa: kondakta mmoja mpole alimposa, Avis akafikiri wiki nzima, akasema hapana, na wakaendelea kufanya kazi kwenye basi lile lile bila kinyongo. Baba yake alikuwa akipachika milango ya magari katika kiwanda cha Triumph kule Canley, na siku za Jumamosi alimchukua yeye na mdogo wake, Thelma, wakasimame kwenye uzio wayatazame magari mapya yakitoka. Avis alipotimiza miaka arobaini alijinunulia mojawapo: Spitfire ya rangi ya haradali, ya viti viwili, chini kama godoro la sakafuni, gari ambalo ukikaa ndani yake magurudumu ya lori yanakupita usawa wa sikio.

Thelma alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye simu, akiwaunganisha watu na watu, na aliweza kuongea na watatu huku akimsikiliza wa nne. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa dada yake na masanduku tele na kasuku mdogo wa kijani. Wakaishi vizuri. Jumapili, kuanzia baridi ilipopungua hadi mwisho wa kiangazi, walifungasha mikate ya nyama na chupa ya chai, Thelma akajifunga kitambaa kichwani, wakashika njia ya Wales kwenda Barmouth, baharini. Mwendo wa saa tatu na ushee kwenda, saa tatu na ushee kurudi, na njia nzima, kwa kadiri Avis alivyojua, hakuna aliyesema neno. Kwa Avis hizo ndizo zilikuwa saa tamu kuliko zote za juma. Alijiona mtu mwenye bahati, kuwa na ndugu wa kunyamaza naye.

Basi Jumanne moja ya Mei walikuwa wanatoka sokoni. Karibu na mzunguko wa barabara ya Foleshill gari lilipanda tuta, likashuka, na chini yake kukasikika mlio kama wa mtu anayeburuta kabati la bati juu ya kokoto. Avis akatazama kioo cha nyuma, akaona cheche. Nyuma yake basi likasimama, na dereva, kijana asiyemjua, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi! Umeangusha mkia!"

Avis akapiga magoti barabarani kwa sketi yake ya Jumanne, akachungulia. Bomba la moshi, yaani ekzosi, lilikuwa limekatika katikati, na nusu ya nyuma imelala chini pamoja na sailensa yake ya kupunguza sauti. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Thelma, nipe mshipi wa koti lako."

"Koti hili? La harusi ya mtoto wa binamu yetu Maud?"

"Mshipi tu. Koti baki nalo."

Akalifunga bomba kwa mshipi wa koti la harusi, wakaenda mwendo wa jeneza hadi gereji ya Gurdip Sahota, huku injini ikinguruma hivi kwamba watu walitoka madukani kutazama.

Gurdip alikuwa fundi wa makamo mwenye kilemba cha buluu na spana zilizopangwa ukutani kwa urefu kama watoto wa shule. Alilitunza gari la Avis tangu zamani, lakini injini na breki tu; habari za bomba Avis alikuwa akimwambia kila mara, "Liache, bado linafaa." Safari hii Gurdip akaliinua gari kwa jeki, akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye sailensa. Ikazama kama kwenye keki.

"Dada Avis," akasema, "hili si bomba tena. Hili ni chujio la chai. Na matundu haya si ya leo. Haya yana miaka. Ulikuwa husikii?"

"Nilisikia. Nilidhani ndiyo sauti yake."

"Mimi nilikuwa nasikia," akasema Thelma, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akila sambusa ya Gurdip.

Gurdip akafuta mikono, akaeleza. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, bomba la chuma cha kawaida, umbo lile lile lililotoka nalo kiwandani: bei nafuu, sauti ya wastani, na baada ya majira machache ya baridi na chumvi ya barabarani litaoza kama hili. Ya pili, la chuma kisichoshika kutu, lenye sailensa mbili, moja katikati na moja nyuma: ghali zaidi, kimya zaidi, na mtengenezaji analitolea dhamana ya maisha.

"Maisha ya nani?" Avis akauliza.

"Ya gari, likiwa mikononi mwako."

"Basi itabidi nizidishe kula mboga."

"Ya tatu," Gurdip akaendelea akicheka, "ni ya vijana. Bomba pana, sailensa moja fupi, midomo miwili nyuma. Gari litapumua vizuri, utaongeza nguvu kidogo, kidogo sana, na utasikika mpaka Birmingham. Tena linaning'inia chini. Matuta ya mtaani kwenu litayasalimia moja moja."

Avis akasema atafikiri.

Jumapili iliyofuata walikutana wenye magari kama lake, kama ilivyokuwa desturi yao, kwenye uwanja wa baa moja nje ya mji. Gari lake lilikuwa bado juu ya jeki, kwa hiyo alikwenda kwa basi, akalipa nauli kama raia. Habari ilikuwa imekwisha kumtangulia. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Clement Pargeter, alimpokea mlangoni na glasi ya bia nyeusi mkononi.

"Bi Clewley, nakusihi. Chuma cha kawaida. Kile kile. Gari lilizaliwa nacho, lizikwe nacho."

"Mbona nawe Mungu alikupa meno, Clement," akasema mwanamume mmoja nyuma yake, "na hayo uliyonayo umenunua?"

Watu wakaangua kicheko, na Pargeter naye akacheka, kwa adabu, mdomo ukiwa umefungwa.

Aliyesema hivyo alikuwa daktari wa meno, na gari lake lilikuwa na lile bomba la vijana. Akamkaribisha Avis ndani ya gari, wakaizunguka njia ya mashambani. Daktari alipokanyaga mafuta, sauti ilipanda kutoka chini ya kiti, ikaingia kwenye uti wa mgongo, ikatokea kifuani. Avis hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Walipopita chini ya daraja la reli, ukuta uliirudisha sauti ile maradufu, na yeye, mwanamke wa miaka sitini na sita, akajikuta anacheka kwa nguvu na hasikii kicheko chake mwenyewe. Alirudi nyumbani kwa basi akiwa amekata shauri.

Thelma alikuwa ameandaa maharagwe juu ya mkate uliochomwa.

"Nimechagua," Avis akasema akivua viatu. "Lile pana. La midomo miwili."

Thelma akaweka uma chini. "Lile la kelele?"

"Si kelele. Ungelisikia ungeelewa. Ni kama..." akatafuta neno, akalikosa, "ni kama kinanda cha kanisani."

"Debe tupu haliachi kuvuma, Avis."

"Sasa hasira ya nini? Gari ni langu."

"Gari ni lako, ndiyo. Na mimi ni nani ndani yake? Abiria? Kila mwaka, Barmouth kwenda na kurudi, nimekaa pale kama mfuko wa viazi. Nikifungua mdomo hunisikii, nikipaza sauti unaitikia kwa kichwa tu. Nikifika baharini nimesahau nilichotaka kusema. Mimi nilikuwa nalipwa kuongea, dada! Sasa unataka kwenda kununua kelele nyingine, kwa pesa!"

Avis aliduwaa. "Nilidhani unapenda kunyamaza."

"Nani kakwambia?"

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemwambia. Walimaliza maharagwe. Avis akaosha vyombo, akatoka kwenda kwenye kijishamba chake cha mboga nyuma ya reli, akapalilia mistari ambayo haikuwa na magugu. Alikuwa amekasirika, na zaidi ya hasira alikuwa ameona haya, kwa sababu katika kumbukumbu zake zote za safari zile aliweza kuona barabara, kondoo, mawingu na mikono yake mwenyewe kwenye usukani, lakini uso wa Thelma alikuwa hauoni. Thelma alikuwa upande wa kushoto, na upande wa kushoto dereva hutazama kioo tu.

Asubuhi akaenda kwa Gurdip.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Katika hizi tatu, ipi mtu anaweza kuongea ndani ya gari akasikika?"

Gurdip akamtazama, akakuna ndevu. "Upepo siwezi kuuzima, dada. Ukifungua paa, utapiga kelele tu. Lakini bomba naweza. Ngoja."

Akapiga simu mbili. Gari la daktari wa meno lilikuwa limeletwa asubuhi ile kwa habari ya taa, na uani lilikuwepo jingine, jeupe, alilokuwa amelifunga bomba la sailensa mbili mwezi uliopita. Wenyewe wote wawili wakakubali. "Tutafanya hivi," akasema. "Wewe utaendesha, mimi nitakusimulia habari. Tukirudi utaniambia umesikia nini."

Wakaanza na la daktari. Avis akaendesha mpaka kwenye bohari za kando ya mfereji na kurudi, na Gurdip pembeni yake akawa anasimulia kwa mikono na kichwa, kilemba kikigusa turubai la paa.

"Haya," akasema waliposimama. "Nimesema nini?"

"Umesema farasi."

"Na nini kingine?"

"Na Leicester."

Wakahamia kwenye gari jeupe. Njia ile ile, gia zile zile. Gurdip akaanza upya, kwa sauti ya kawaida, na Avis akasikia kisa chote: jinsi shemeji yake alivyopandishwa farasi mweupe siku ya harusi yake kule Leicester, jinsi ngoma zilivyomshtua yule farasi, na jinsi bwana harusi alivyopelekwa mbio, na kilemba chake cha dhahabu, hadi ndani ya uwanja wa kuoshea magari, ambako wafanyakazi wawili, kwa kuzoea kazi, walimnyunyizia maji. Avis akalazimika kuegesha pembeni. Machozi yalimtoka.

"Ulikuwa unasema hayo yote kule kwenye gari la daktari?"

"Neno kwa neno. Wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa kwa heshima kabisa."

Hapo Avis aliacha kucheka. "Funga hili la sailensa mbili," akasema. Gurdip alianza kumkumbusha kwamba lile pana lingempa nguvu zaidi, naye akamkata kauli. "Nguvu ya kwenda wapi, Gurdip? Funga hili."

Lilifungwa wiki ileile, kwa klempu mpya za kulibana na mipira mipya ya kulining'inizia. Pargeter alipolisikia alisema linanong'ona kama mwizi. Avis naye, ukweli usemwe, alijuta kidogo. Alipowasha injini mara ya kwanza na kusikia ule mlio mdogo wa heshima, alikaa na mkono kwenye gia kwa muda, kama mtu aliyenyoa nywele kwa ushauri wa wengine na sasa anajitazama kwenye kioo.

Jumapili ya kwanza ya Juni wakaenda Barmouth. Mvua ilikuwa inanyesha, wakafunga paa. Avis alingoja Thelma aanze kuongea, na Thelma hakuongea. Wakapita Shrewsbury kimya. Wakapita Welshpool. Avis alianza kufikiri kwamba ametoa pesa zake bure. Milima ilipoanza kuwasogelea, Thelma akafungua chupa ya chai, akaifunga bila kumimina.

"Jocelyn anataka nikakae naye," akasema.

Jocelyn alikuwa rafiki yake wa enzi za simu, mjane pia, aliyekuwa na nyumba ndogo pale pale Barmouth, juu ya duka la viatu.

"Mwisho wa wiki ipi?"

"Kukaa, Avis. Kuhamia."

Avis akabadilisha gia, ingawa haikuhitajika. "Lini amekwambia?"

"Kabla ya Pasaka. Nami nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia mara mbili, humu humu ndani. Mara ya kwanza tulikuwa tunashuka kuingia Dolgellau. Ukaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, basi dada ameridhia. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, nikasema, 'Avis, nadhani nitakwenda kwa Jocelyn.' Ukanijibu, 'Ndiyo, wanapendeza.' Nikageuka, kumbe kuna wana-kondoo."

Avis akaongeza kasi ya vifuta kioo.

"Kwa nini usiniambie nyumbani?"

"Nyumbani una redio, una shamba, una usingizi. Humu ndimo ninamokupata umekaa."

Avis alitaka kusema usiende. Neno lilifika kwenye meno. Badala yake akauliza, "Chumba atakachokupa kinapata jua?"

"Cha mashariki. Asubuhi."

"Asubuhi si haba."

"Si haba."

Mvua ilikatika walipofika. Walikaa kwenye benchi inayotazama mchanga, wakala chipsi zenye siki na samaki, na shakwe wakawazunguka kwa utovu wa adabu wao wa siku zote. Hapo ndipo Avis alipopiga moyo konde.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea." Thelma akamrushia shakwe mmoja ngozi ya samaki. "Ulinipokea nilipokuwa sina pa kushika. Sitasahau hata nikizeeka nikasahau mengine. Lakini mimi nikiamka nataka mtu wa kuongea naye, dada. Wewe ukiamka unakwenda kuongea na maharagwe."

"Maharagwe hayajibu."

"Ndiyo maana unayapenda."

Avis akacheka, na katika kucheka chozi likamponyoka, akasingizia siki.

Thelma alihama mwezi wa Septemba. Gurdip aliyapeleka yale masanduku kwa gari lake la mizigo, na kasuku alisafiri kwenye Spitfire, juu ya mapaja ya Thelma, akiwa amefunikwa taulo. Njia nzima Thelma aliongea: habari za mumewe, ambaye Avis alidhani anamjua na kumbe hakumjua, habari za mama yao, na habari za yule kondakta mpole, ambaye kumbe baada ya kukataliwa na Avis alikuwa akipiga simu kila Ijumaa akiomba kuunganishwa na namba isiyokuwepo, apate kumwuliza Thelma, "Dada yako hajambo?"

"Na hukuniambia!"

"Ungefanya nini?"

Avis akafikiri. "Ningesema hapana tena," akasema. "Lakini ningependa kujua."

Nyumba ya Coventry ilibaki kubwa. Jocelyn alimwambia Avis naye ahamie, kwamba watatu ni bora kuliko wawili, naye Avis akamshukuru na kukataa. Alikuwa na shamba lake, na Jumapili zake za klabu, na hakuwa mtu wa kuishi juu ya duka la viatu. Majuma ya kwanza yalikuwa magumu. Alikuwa akimimina vikombe viwili vya chai, akavinywa vyote viwili kwa hasira. Halafu akazoea, kama watu wanavyozoea.

Kila baada ya wiki mbili, theluji isipokuwepo, anakwenda Barmouth. Anafika mchana, na kwa kuwa gari lina viti viwili tu, anawachukua mmoja mmoja: Thelma kwanza, mpaka Harlech na kurudi, kisha Jocelyn. Jocelyn ni mfupi, ana sauti ya kengele, na huanza kusimulia kabla mlango haujafungwa. Avis anaendesha, macho mbele, mikono miwili kwenye usukani. Mara kwa mara anauliza, "Halafu?"